Taa Mpya, Gari la Zamani

Kule Jambiani, maji ya bahari yakitoka, wanawake huingia. Huvuna mwani, hujaza magunia, kisha hubaki kazi ya kuyafikisha nyumbani ili mwani uanikwe. Kazi hiyo ilikuwa ya Jecha na gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo la zamani. Rangi yake ilikuwa nyeupe, au tuseme iliwahi kuwa nyeupe. Milango yake haikufungika mpaka ibembelezwe. Lakini injini ilikuwa nzima, na Jecha hakumruhusu mtu yeyote alicheke gari lake. Asubuhi alibeba magunia ya mwani mbichi kutoka pwani hadi uani kwa mkewe, Kazija, na kwa majirani. Maji ya chumvi yalichuruzika ndani ya buti, na Jecha hakujali. Alisema buti limewekwa kwa ajili ya kazi hiyo. Baadaye alipangusa viti, akapakia abiria wake na kuwapeleka mjini. Jioni aliwarudisha.

Ulikuwa mwaka 2008, ule mwaka Unguja nzima ilipokosa umeme kwa muda mrefu. Jua likizama, barabara ilikuwa giza tupu. Ndipo Jecha alipotambua kwamba taa zake za nyuma zimechoka. Ya kulia ilikuwa hafifu. Ya kushoto iliwaka ikipenda. Aliipiga kofi ikawaka, akaipiga kofi la pili kwa furaha, ikazima.

"Baba Salhiya," Kazija alimwambia, "hiyo taa utaipiga mpaka lini? Ina kosa gani?"

"Globu zake zimezeeka."

"Si umeweka mpya juzi tu hapa?"

"Basi na hizo mpya zimezeeka."

Jawabu kama hilo hutolewa na mtu asiyetaka kuulizwa tena. Kazija aliguna, akaendelea kutandaza mwani wake.

Salhiya alikuwa binti yao. Alitengeneza sabuni ya mwani na kuipeleka kwenye maduka ya Mji Mkongwe. Mumewe, Junaid, alikuwa fundi mwashi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kuta za nyumba kongwe za mjini. Wote wawili walikwenda na kurudi kwa vespa ya Junaid. Vespa hiyo taa yake ya mbele ilitoa mwanga kidogo sana. Kwa hiyo, jioni, Junaid alijipanga nyuma ya gari la mkwewe na kulifuata mpaka nyumbani.

"Baba akikata kona, na sisi tunakata," Salhiya alisema. "Akipunguza mwendo, na sisi tunapunguza."

Jecha alilipenda sana neno hilo. Alijiona kiongozi wa msafara.

Siku moja, hapo Darajani, Jecha aliona gari jipya limesimama. Taa zake za nyuma zilikuwa na vidoa vingi vidogo vya mwanga, vikali na vizuri. Alimwuliza dereva ni taa gani.

"LED, mzee wangu," alisema dereva. "Hazili umeme, hazipati moto, na hazifi ovyo."

Basi Jecha hakulala juu ya jambo hilo. Aliingia mitaa ya maduka, akapata mahali zinapouzwa globu za LED zinazoingia kwenye matundu ya taa za zamani. Muuzaji alimwuliza anataka rangi gani.

"Ipi kali zaidi?"

"Nyeupe."

"Nipe nyeupe. Za breki na za indiketa."

Hakuuliza jambo jengine lolote. Zilipoingia kwenye tundu, alihesabu kwamba zimekubali.

Alizifunga mwenyewe, Ijumaa, baada ya sala. Jua lilikuwa kali, na kuku wamejificha kivulini. Alimwita mkewe.

"Kazija!"

"Labeka!"

"Njoo usimame nyuma ya gari. Nnakanyaga breki. Tizama!"

Kazija alikuja na mikono imejaa chumvi. Alisimama nyuma ya gari. Jecha alikanyaga breki.

"Zimewaka?"

"Zimewaka. Mashaallah, zinang'aa."

Jecha aliwasha indiketa. Indiketa ilikwenda mbio, tiki-tiki-tiki-tiki, kama cherehani ya mtu anayewahi Sikukuu.

"Mbona hii ina haraka?" Kazija aliuliza.

"Ndivyo zinavyokwenda za kisasa."

Majirani walikuja kuangalia. Wote walisifu. Mmoja alisema gari limekuwa kijana. Mwengine alisema sasa linafaa kubeba bibi harusi. Jecha alizunguka gari lake mara kadhaa bila ya sababu. Siku ile alikuwa na raha, na hakuificha.

Jumamosi na Jumapili jioni, Junaid alimfuata mkwewe kama kawaida. Walipofika nyumbani Jecha alimwuliza, "Unazionaje taa?"

Junaid alitazama chini kidogo. "Zinang'aa sana, baba."

"Enhee!" alisema Jecha.

Jumatatu walitoka mjini jua likiwa linaelekea kuzama. Walipofika msitu wa Jozani, miti ilikuwa imeshaziba mwanga. Jecha alikuwa ameshawasha taa zake zote. Ghafla kima punju watatu waliruka kutoka mtini na kukatiza barabara. Mmoja alikuwa na mtoto amemng'ang'ania kifuani. Jecha alikanyaga breki kwa nguvu. Gari lilisimama. Kima walivuka salama, bila ya shukurani.

Nyuma yake Jecha alisikia mlio wa tairi, kisha kishindo.

Alishuka mbio. Vespa ilikuwa imelala kwenye majani ya kando ya barabara. Junaid alikuwa anasimama, suruali imechanika gotini. Salhiya alikuwa ameketi chini, amekamata mkono wake wa kushoto. Boksi lake la sabuni lilikuwa limepasuka, na sabuni zimetapakaa barabarani.

Jecha alipiga magoti kando ya bintiye. "Mwanangu! Umeumia wapi?"

"Mkono, baba. Mkono tu."

Alipoona kwamba wako hai, hofu ya Jecha iligeuka hasira. Alimgeukia mkwewe mbele ya abiria wote.

"Junaid! Umelala? Mbona huniachii nafasi? Hukuona kwamba nimefunga breki?"

Junaid alipangusa vumbi suruali yake. Kisha akasema, "Nimekosa, baba. Nisamehe."

Salhiya alimtazama mumewe, akafungua mdomo, akaufunga. Maumivu yalimzidi.

Walimpakia garini, wakampeleka kituo cha afya. Muuguzi aliukagua mkono, akasema mfupa haukuvunjika, kifundo kimeteguka. Alimfunga bendeji na kumwambia asibebe kitu kizito. Abiria walisema alhamdulillahi. Jecha naye alisema, lakini bado alikuwa amekunja uso.

Kesho yake jioni, Kazija alikuwa anamlisha bintiye uji. Junaid alikuwa ameketi kizingitini. Jecha aliingia, akasema, "Ukipona, Salhiya, utarudi kazini. Lakini mwambie mumeo aangalie mbele."

"Baba," Salhiya alisema polepole, "mimi sipandi tena chombo chochote kinachofuata gari yako."

Jecha aligeuka kumtazama.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukuonesha kwamba unasimama. Nilikuwa natizama taa zako wakati ule ule. Hazikubadilika. Zilikuwa nyekundu vile vile, kisha nikaona buti liko usoni kwetu."

"Nilifunga breki!"

"Sisemi hukufunga. Nasema hatukuona."

Jecha alimgeukia Junaid. "Na wewe umeona hivyo?"

Junaid alisugua goti lake. "Baba, mimi nilikuwa karibu mno. Kosa langu."

Kazija aliweka bakuli chini. Alikuwa mwanamke mpole, lakini kuna upole ambao ukiuona umeweka bakuli chini, ni bora ukae kimya.

"Junaid, mwanangu," alisema, "adabu yako tunaijua, na tunakushukuru. Lakini mke wako amelala na bendeji. Sasa sema ulichokiona."

Junaid alinyanyuka kizingitini. "Tangu Jumamosi niliona, mama. Taa za gari zikishawashwa, baba akifunga breki hakuna tofauti. Najua anapunguza mwendo kwa kusikia injini tu. Nilitaka kumwambia. Lakini alikuwa amezifurahia sana zile taa, na yeye ni mkwe wangu. Niliona haya."

Hayo ndiyo mambo yetu. Mtu hawezi kumwambia baba mkwe kwamba taa yake mbovu. Anaona bora aanguke.

"Twendeni nje," alisema Kazija.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa, na watu wametoka kusali. Nje kulikuwa na giza la mwanzo. Kazija alimpa Junaid ufunguo, akamwambia aingie garini. Yeye na Jecha walisimama nyuma.

"Washa taa!"

Taa za nyuma ziliwaka. Hazikuwa nyekundu hasa, zilikuwa za waridi waridi, lakini kali.

"Kanyaga breki!"

Jecha alingoja. Hakuona kitu.

"Nimesema kanyaga breki!"

"Nimekanyaga, baba!" Junaid alijibu kutoka ndani. "Nimeshakanyaga tangu mara ya kwanza."

Jecha alisogea karibu. Alirudi nyuma. Alipangusa macho yake. Taa zilikuwa vile vile. Breki imekanyagwa, breki imeachwa, rangi moja, nguvu moja. Wakati ule moyo ulimwuma kwa kweli. Alikumbuka alivyomkaripia Junaid mbele ya watu, na yule kijana akaomba radhi kwa kosa lisilokuwa lake. Akakumbuka mwanawe ameketi chini barabarani.

"Kwani mchana ule si uliziona zinawaka?" alimwuliza mkewe, sauti imepungua.

"Mchana taa za usiku zilikuwa zimezimwa," alisema Kazija. "Ulipokanyaga breki, ziliwaka. Saa hizi zimeshawaka. Zitawaka nini tena?"

Jecha alimsogelea Junaid alipotoka garini. "Mwanangu, nimekuonea. Nisamehe."

"Yamekwisha, baba."

"Hayajakwisha. Kesho tunakwenda mjini, mimi na wewe. Tutaondoka asubuhi, kabla ya giza lolote."

Karakana ya Maha binti Talal iko Mtoni, kando ya barabara ya Bububu. Baba yake alikuwa fundi wa redio. Yeye alisomea umeme wa magari chuoni, na jina lake lilijulikana kwa madereva wengi. Alivaa mtandio uliofungwa vizuri nyuma ya shingo, na mfukoni mwake hakukosa bisibisi.

"Assalamu alaykum," Jecha alibisha.

"Waalaykumu ssalaam. Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye. Karibu. Nani kakuudhi, gari au taa?"

Jecha alishangaa kidogo, kisha akaeleza yote. Hakuficha lolote, hata yale makofi. Maha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alifungua taa ya nyuma, akatoa globu moja ya LED na kuiweka kiganjani.

"Za zamani unazo?"

"Zipo kwenye kisanduku cha mbele. Mama Salhiya hatupi kitu."

Maha aliichukua globu ya zamani na kuinyanyua juu. "Njooni mtizame, nyote wawili. Ndani ya hii kuna nyuzi mbili. Mnaziona? Mmoja mwembamba, mmoja mnene. Ukiwasha taa za usiku, unawaka ule mwembamba. Mwanga wake mdogo. Ukikanyaga breki, unawaka ule mnene. Mwanga unapanda. Aliye nyuma hajui habari ya mguu wako, ami. Anajua ule mwanga uliopanda tu."

"Na hii yangu?"

"Hii yako ina nguvu moja. Imetengenezwa iingie kwenye tundu, lakini haijui tofauti ya usiku na breki. Ukiwasha taa, inatoa nguvu yake yote. Ukikanyaga breki, haina pengine pa kupanda."

Junaid aliitikia kwa kichwa. "Ndivyo nilivyoona."

"Uliona ukamwambia?"

Junaid alitazama mlango. Maha alicheka. "Basi. Hiyo nayo ni hitilafu, lakini si ya umeme."

Aliendelea kukagua. Alisema nyuma ya kioo chekundu huwekwa LED nyekundu, na nyuma ya kioo cha rangi ya chungwa huwekwa ya chungwa. Nyeupe, japokuwa ni kali mkononi, ikipita kwenye kioo chekundu hupauka.

"Na hii indiketa inayokwenda mbio?" Jecha aliuliza. "Nilidhani ndiyo usasa."

"Hapana, ami. Kuna kidude kinachowasha na kuzima indiketa. Tunakiita flasha. Flasha ya zamani imezoea globu zinazokula umeme mwingi. LED inakula kidogo sana. Flasha inadhani globu moja imekufa, ndiyo ikaharakisha. Ilikuwa inakushitakia. Itabidi tuweke flasha ya elektroniki, ile inayofanya kazi na LED."

Jecha alikuna ndevu. "Miye nikamwambia mke wangu ndivyo zinavyokwenda."

"Sasa utamwambia vyengine. Nifungulie buti."

Buti lilipofunguliwa, harufu ya pwani ilitoka. Maha alirudi hatua moja. Aliinua zulia la chini. Bati lilikuwa na ukoko mweupe wa chumvi na kutu nyekundu. Alimulika pembeni kwa tochi.

"Unabeba nini humu?"

"Mwani."

"Mkavu?"

"Mbichi. Unatoka moja kwa moja baharini."

"Sasa nimefahamu." Aliwaonesha waya mweusi uliofungwa kwa nati kwenye bati la gari. Nati ilikuwa haionekani kwa kutu. "Umeme ukishafika kwenye taa lazima urudi kwenye betri. Njia yake ya kurudi ni hii hapa. Mafundi tunaiita ethi. Chumvi imeila. Umeme unakuja vizuri, lakini kurudi unataabika. Taa inakuwa hafifu, mara inawaka, mara inazima. Ukiipiga kofi, waya unagusa kidogo."

Aliufungua waya. Alisugua bati kwa msasa mpaka likang'aa. Alikata ncha ya waya iliyooza, akaweka kichwa kipya, akakaza kwa nati mpya, kisha akapaka grisi juu yake ili maji yasifike. Alisafisha na matundu ya globu. Halafu, badala ya kuweka taa mpya, alichukua ile globu ya zamani iliyotoka kwenye kisanduku. Aliirudisha mahali pake.

"Washa, Junaid. Kanyaga breki."

Globu ya zamani iliwaka, kisha ikapanda, nyekundu safi.

Jecha alibaki mdomo wazi. "Hiyo si ile mbovu?"

"Haikuwa mbovu hata siku moja."

"Ina maana nimebadilisha globu miaka yote hii..."

"...na ethi inaoza. Naam. Ukiweka taa mpya juu ya waya mbovu, ami, umeyavisha maradhi nguo mpya."

Junaid aligeuka pembeni kuficha kicheko. Jecha alimwona, na yeye mwenyewe akaanza kucheka.

"Sasa chagua," alisema Maha. "Ukitaka, rudisha globu zako za zamani, uende zako. Ziko sawa, na hakuna aibu. Ukitaka LED, nitakuwekea zinazofaa. Faida yake hazivunjiki kwa mashimo ya barabara, maana hazina nyuzi za kukatika, na betri inapumzika. Lakini ziwe za nguvu mbili, rangi ya kioo chake, na zenye vidoa pande zote. Zile zenye vidoa mbele tu zinamwonesha aliye nyuma yako sawasawa. Aliye upande haoni kitu."

Jecha alifikiri. Ile barabara ya pwani ilikuwa na mashimo ya kuzaliwa nayo. "Weka LED," alisema. "Lakini safari hii uweke wewe."

Maha alizifunga moja moja. Moja haikuwaka. Jecha alishtuka, lakini Maha aliitoa, akaigeuza, akairudisha, ikawaka. Alieleza kwamba LED ina upande wa kuingia umeme na upande wa kutoka. Ukiigeuza kinyume haiwaki, wala haijafa. Kila mahali alipounga waya aliubana kwa kiungio na kuufunga vizuri. Hakusokota waya kwa vidole na kuuacha hivyo. Alifunga flasha mpya, na indiketa ikarudi kwenye mwendo wake wa taratibu.

"Sasa kujaribu," alisema. Alilisukuma gari ndani kabisa ya karakana, akashusha pazia la turubai mlangoni. Ndani kukawa giza. "Taa haijaribiwi juani peke yake. Ami, ingia ndani. Junaid, kasimame nyuma, mbali. Halafu kasimame upande huu, na upande ule. Na ukiulizwa, mimi sitaki adabu. Nataka macho."

Jecha aliwasha taa, akakanyaga breki. "Unaona nini?"

Junaid alianza kutazama chini. Mazoea ni mabaya. Kisha akasema kwa sauti, "Naona breki, baba! Imepanda!"

"Na ukisimama ubavuni?" Maha aliuliza.

"Kulia naona. Kushoto... kushoto haionekani vizuri."

Maha alifungua upande wa kushoto. Globu haikukaa sawa kwenye tundu. Aliikandamiza mpaka ikaingia. "Umeona, ami? Angesema zinang'aa tu, mngeondoka nayo hivi."

Jecha alimtazama mkwewe kwa muda. "Tangu leo," alisema, "ukiona kasoro kwenye gari yangu, nambie. Hata kama niko na wageni. Hata kama niko na wazee wenzangu."

"Nitakwambia, baba."

"Na wewe, Junaid," Maha aliongeza, "hiyo taa ya mbele ya vespa usiiache hivyo. Taa ya mkweo ni ya kukuonya, si ya kukumulikia njia. Na uache nafasi. Hata taa nzuri haisimamishi vespa."

Aliitengeneza na ya vespa siku nyengine, na Junaid alianza kuacha nafasi. Ama habari ya mwani, Maha alimpa Jecha shauri rahisi. Mwani mbichi uingie kwenye mabeseni ya plastiki. Buti lioshwe kwa maji baridi ya kisima, yasiyo na chumvi, likaushwe, na ile nati iangaliwe mara kwa mara.

Nyumbani, Jecha hakumwambia Salhiya kwamba taa zimekuwa nzuri. Alijua neno lake limepungua uzito. Alingoja jua likazama, akaegesha gari uani na kumwita.

"Salhiya!"

"Labeka, baba!"

"Njoo uangalie mwenyewe. Mimi nitakaa kimya."

Salhiya alisimama nyuma ya gari na bendeji yake. Mama yake alisimama pembeni.

"Washa," alisema Salhiya. "Kanyaga. Wacha. Kanyaga tena. Wacha. Indiketa ya kulia. Na breki pamoja nayo. Wacha."

Alimwamrisha baba yake kwa muda mrefu, na baba yake alitii. Salhiya alikwenda kulia, akaenda kushoto, akaenda mpaka kwa jirani na kurudi. Mwishoni alisema, "Mkono ukipona, nitapanda."

Jecha alizima taa. Alibaki garini kidogo, akijifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Mkono ulipona. Siku ya kwanza Salhiya kurudi na sabuni zake mjini, Jecha aliendesha kwa wasiwasi. Jioni, karibu na Kitogani, giza lilikuwa limeanza kuingia. Vespa ilikuwa nyuma yake. Ghafla ng'ombe alitoka migombani, akiburura kamba, akasimama katikati ya barabara. Jecha alikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lilisimama. Alifumba macho na kusikiliza nyuma.

Hakusikia kishindo. Alisikia injini ya vespa inaunguruma taratibu, mbali. Halafu alisikia viatu vinakuja ubavuni mwa gari, na Salhiya akainama dirishani.

"Tumekuona, baba," alisema. "Tumekuona mapema sana."

Jecha alifumbua macho. Aliupiga piga mkono wa mwanawe uliokuwa dirishani. Ng'ombe aliondoka alipotaka yeye.

Kuanzia hapo pale kijijini kuna jambo linafanyika, na aliyelianzisha ni Jecha. Ijumaa, kabla ya magharibi, wenye magari, vespa na pikipiki hukutana penye kivuli cha ukuta wa skuli. Mmoja anakanyaga, mwengine anasimama nyuma na kusema anachokiona. Kusifu hakuruhusiwi. Ijumaa ya mwanzo kabisa alikuja mzee mmoja mwenye gari la mizigo, mtu mkubwa, anayeogopwa na nusu ya kijiji. Alikanyaga breki na kuuliza kwa sauti nzito, "Zikoje?"

Watu walitazamana. Wengine walianza kusema mashaallah.

"Ya kulia imekufa, ami," alisema Junaid. "Usiondoke nayo."

Yule mzee alimkazia macho. Junaid hakutazama chini. Basi mzee alizima injini, akashuka, akaenda nyuma kuiona mwenyewe, kisha akauliza nani ana bisibisi.